Yoga na arosto: Tiba saidizi isigeuzwe kisingizio cha kuwanyima waraibu dawa

Kwa waraibu wa heroini katika mitaa ya Mombasa, Malindi na Lamu, hakuna neno linaloogofya kuliko arosto. Hilo ndilo jina la mateso yanayomvamia mtu saa chache baada ya kukosa unga: maumivu ya mifupa, kamasi na machozi yasiyokoma, kutapika, kuhara, vipele vya baridi na usiku mrefu usio na lepe la usingizi. Wengi wao walikwisha kusahau raha iliyowavuta mwanzoni. Kinachowarudisha maskani kila asubuhi kutafuta kete ni hofu ya arosto.

Ni kwa sababu hiyo ambapo matokeo ya utafiti uliofanywa katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili na Sayansi ya Neva, NIMHANS, mjini Bengaluru, India, yanastahili kusomwa kwa makini katika eneo hili. Utafiti huo uliochapishwa Januari 2026 katika jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry ulichunguza iwapo yoga, ikiongezwa juu ya dawa za kawaida, inaweza kupunguza makali ya arosto na kufupisha muda wake.

Wanaume 59 walishirikishwa. Wote walitibiwa kwa buprenofini, dawa inayotambuliwa kimataifa kwa matibabu ya uraibu wa heroini na nyinginezo za jamii ya afyuni. Waligawanywa katika makundi mawili kwa njia ya bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dawa na huduma za kawaida pekee. Jingine lilipewa dawa hizo hizo pamoja na vipindi 10 vya yoga, kila kimoja cha dakika 45, katika muda wa siku 14.

Matokeo yalionyesha tofauti kubwa. Nusu ya waliofanya yoga walikuwa wametulia kutokana na arosto kufikia siku ya tano, ilhali katika kundi la dawa pekee hali hiyo ilifikiwa siku ya tisa. Aidha, waliofanya yoga walipata nafuu zaidi ya wasiwasi, maumivu na usingizi, na vipimo vya mapigo ya moyo vilidhihirisha kuwa mfumo wao wa neva ulikuwa unarejea katika utulivu.

Siku nne huenda zikaonekana chache kwa mtu asiyeijua hali hiyo. Kwa mraibu, siku hizo nne ndizo zinazoamua mengi. Ni katika kipindi hicho ambapo wengi huvunjika moyo, huruka ua la kituo cha matibabu na kurejea maskani. Lolote linalofupisha kipindi hicho bila kumdhuru mgonjwa ni la thamani.

Hata hivyo, habari kama hii huwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ya wale watakaoipuuza kwa kuiona yoga kama mchezo wa matajiri wa mitaa ya kifahari ya Nairobi. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni ya wale watakaoishangilia kupita kiasi na kutangaza kwamba dawa sasa hazihitajiki. Utafiti wenyewe hauungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili.

Ili kuelewa ni kwa nini mazoezi ya kupumua na kunyoosha viungo yaweze kugusa jambo zito kama arosto, ni lazima kwanza ifahamike kinachotendeka mwilini. Heroini hupunguza kasi ya shughuli nyingi za mwili. Hupumbaza maumivu, huzuia matumbo kwenda, hupunguza pumzi na hunyamazisha sehemu ya ubongo inayotoa kemikali ya noradrenalini, ambayo kazi yake ni kuuamsha mwili na kuuweka tayari kwa hatari.

Mwili nao haukubali kunyamazishwa daima. Kadiri mtu anavyozidi kutumia unga, ndivyo ubongo wake unavyozidi kujitahidi kurejesha shughuli zilizokandamizwa. Siku unga unapokosekana, juhudi hizo hubaki bila kizuizi. Noradrenalini hufurika. Moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, jasho hutoka, matumbo hukoroga, na mtu hukesha akigaagaa kana kwamba anafukuzwa na simba asiyeonekana.

Kwa heroini, hali hiyo huanza kati ya saa sita na 12 baada ya kete ya mwisho, hufikia kilele chake katika siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja hivi. Arosto yenyewe ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, lakini kutapika na kuhara bila kurudishiwa maji kumewahi kugharimu maisha ya watu, hasa korokoroni na katika vituo visivyo na wahudumu wa afya.

Methadoni na buprenofini hufanya kazi kwa kukaa mahali pale pale pa ubongo ambapo heroini ilikuwa inakaa, ila kwa namna ya polepole na ya kudumu. Hivyo mwili hauachwi ghafla. Yoga hufuata njia tofauti. Pumzi inapovutwa taratibu na kutolewa kwa muda mrefu zaidi, neva iendayo kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni huchochewa, na mapigo ya moyo hupungua. Upande wa mfumo wa neva unaoutuliza mwili hupata nguvu, na ule unaouhangaisha hulegea. Kwa maneno mengine, dawa huziba pengo lililoachwa na unga, nayo pumzi hupoza moto uliokwisha kuwaka.

Maelezo hayo yanaafikiana na vipimo vya moyo vilivyochukuliwa Bengaluru. Pamoja na hayo, historia ya tafiti za yoga kwa waraibu inatoa sababu ya kutokurupuka. Mnamo 1997, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha yoga na ushauri nasaha wa makundi kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia methadoni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini yoga haikuonekana kuushinda ushauri huo. Mwaka wa 2013, jaribio lililohusisha wanawake 75 waliokuwa wakiacha heroini nchini Uchina lilionyesha kwamba yoga iliboresha hisia na hali yao ya maisha.

Tafiti hizo tatu hazipingani. Zinapimwa pamoja, zinaashiria kuwa yoga humsaidia mgonjwa kuvumilia na kutulia, hasa siku za mwanzo, ilhali hakuna ithibati kwamba ina uwezo wa kipekee wa kumzuia asirudie unga miezi au miaka baadaye.

Utafiti wa India wenyewe una mipaka yake. Ulifanyika katika hospitali moja. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo na wote walikuwa wanaume. Waliokuwa na arosto kali kupindukia hawakuhusishwa. Isitoshe, hakuna namna ya kumficha mtu kwamba anafanya yoga, jinsi mgonjwa anavyoweza kufichwa iwapo kidonge alichopewa ni dawa au ni unga wa chaki. Huenda basi sehemu ya nafuu hiyo ilitokana na kuangaliwa kwa karibu na mwalimu mpole kwa dakika 45, jambo ambalo waraibu wengi huwa hawajalionja kwa miaka mingi. Hilo nalo si dogo, lakini si yoga.

India ina kila sababu ya kuchunguza suala hili. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa na serikali ya nchi hiyo mwaka wa 2019 ulikadiria kuwa watu wapatao milioni 22.6, ambao ni takriban asilimia 2.1 ya idadi ya watu waliohusishwa, walikuwa wakitumia dawa za jamii ya afyuni. Yoga nayo imezaliwa huko, na walimu wake hupatikana kwa urahisi.

Kenya ina historia yake. Heroini ilianza kuonekana katika miji ya Pwani miaka ya 1980 kupitia njia za baharini kutoka Asia. Mwanzoni ilivutwa kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, aina nyeupe ilipoingia sokoni, wengi walianza kujidunga sindano, na virusi vya Ukimwi na homa ya ini vikafuata nyayo. Mnamo Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia ilinasa jahazi katika bahari karibu na Kenya likiwa na zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Tukio hilo liliudhihirishia ulimwengu ukubwa wa shehena zinazopita katika maji ya eneo hili.

Funzo chungu zaidi kuhusu arosto lilitolewa mwishoni mwa 2010 na mapema 2011. Unga uliadimika ghafla Pwani. Waraibu waliokuwa wamezoea kutumia kila siku walijikuta mikono mitupu kwa wakati mmoja, na hospitali zikapokea watu waliozidiwa na mateso ambayo wahudumu wengi hawakuwa na ujuzi wala dawa za kuyakabili. Kwa walioamini kuwa kuukata mzizi wa biashara ya unga pekee kungetosha, hali hiyo ilikuwa jibu tosha. Mlanguzi akikamatwa bila mraibu kuandaliwa matibabu, mzigo huhamia wodini na makaburini.

Tanzania ilichukua hatua mapema. Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni. Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha huduma hiyo ikafika Malindi na Mombasa mwaka wa 2015. Tangu wakati huo, kila asubuhi, mamia ya watu hupanga foleni kunywa kipimo chao mbele ya mhudumu kabla ya kwenda kutafuta riziki. Wapo waliorudi kwenye ndoa zao, waliorudi baharini kuvua na waliorejea katika vibarua vya bandarini.

Ni hapa ambapo wazo la yoga linaweza kupata nafasi yake halisi. Mgonjwa anapoanza methadoni, hapewi kipimo kikubwa siku ya kwanza, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi inaweza kusimamisha pumzi na kuua. Kipimo hupandishwa hatua kwa hatua kwa siku au wiki kadhaa. Katika kipindi hicho, mgonjwa yungali anahisi arosto kiasi, hasa usiku. Huo ndio wakati ambapo baadhi hunywa methadoni asubuhi na kutafuta kete jioni, mchanganyiko ambao ni hatari mno. Iwapo mazoezi ya pumzi na utulivu yanaweza kumvusha mtu usiku huo, kliniki itakuwa imepata silaha ya bei nafuu.

Hata hivyo, ni muhimu kuzingatia kwamba wagonjwa wa Bengaluru walipewa buprenofini, si methadoni. Dawa hizo mbili hazifanani kwa kila kitu, na matokeo ya moja hayawezi kubebwa yalivyo na kupachikwa kwa nyingine. Hilo ni swali ambalo vyuo vikuu na hospitali za Kenya zina uwezo wa kulijibu, kwa kuwa wagonjwa wapo, foleni ipo na kumbukumbu za matibabu zipo.

Suala la walimu halina ugumu mkubwa kama inavyodhaniwa. Tangu 2007, shirika la Africa Yoga Project lenye makao yake Nairobi limekuwa likiwafunza vijana, wengi wao kutoka mitaa ya mabanda, kuwa walimu wa yoga. Hivyo basi, Wakenya wenye ujuzi wapo na hakuna haja ya kumwagiza mtaalamu kutoka ng'ambo. Kinachokosekana ni mafunzo ya ziada ya kumhudumia mgonjwa mwenye arosto, kwani mtu anayetetemeka na kutapika hawezi kuelekezwa kama mtu aliyekuja kupunguza kitambi. Waraibu walioacha unga na kusimama imara wanaweza kuwa walimu bora kuliko wote, kwa sababu wanaijua njia hiyo wenyewe.

Jambo linalohitaji busara zaidi katika Pwani ni dini. Yoga ina asili katika mapokeo ya Kihindu, na ukanda huu una Waislamu wengi. Kuipeleka katika kituo cha Kisauni au Lamu bila mashauriano ni kujitafutia upinzani usio wa lazima. Mjadala huo si mgeni katika ulimwengu wa Kiislamu. Mwaka wa 2008, Baraza la Kitaifa la Fatwa la Malaysia liliwaonya Waislamu dhidi ya yoga yenye ibada na maneno ya kidini ndani yake. Mwaka wa 2009, baraza la maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye nyimbo na ibada za Kihindu lakini halikukataza ile ambayo ni mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia nayo iliitambua yoga kama aina ya mchezo mnamo 2017.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba tofauti hufanywa kati ya ibada na zoezi. Kinachotajwa na watafiti kuwa na faida ni pumzi ya polepole, kunyoosha viungo na kupumzika kwa utaratibu. Hayo yanaweza kufundishwa bila neno hata moja la dini yoyote, na hata jina lenyewe laweza kubadilishwa likiwa kikwazo. Masheikh na wachungaji wakishirikishwa mapema, watakuwa wa kwanza kuwahimiza vijana. Wakiachwa nje, watasikia uvumi na kupinga uvumi.

Kisha kuna suala la wanawake. Utafiti wa India haukuwahusisha, na vituo vingi vya marekebisho ya tabia nchini vilijengwa kwa kumfikiria mwanamume. Mwanamke mraibu hubeba aibu mara mbili, hufichwa na jamaa zake, na mara nyingi huwa na mtoto mgongoni. Mpango wowote mpya usiomtengea saa na chumba chake utamwacha nje kama ilivyokuwa kwa mipango iliyotangulia.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya kutumia yoga badala ya dawa. Katika nchi hii kuna nyumba za marekebisho ambako mraibu hufungiwa chumbani, hupigwa, hufungwa minyororo au huachwa ateseke kwa imani kwamba mateso humfunza adabu. Baadhi ya wamiliki wa nyumba za namna hiyo huiona methadoni kama ulevi mwingine. Watu hao wakisikia kwamba yoga imeshinda arosto, watatandika mikeka uani, waongeze ada, na kumnyima mgonjwa dawa kwa jina la sayansi.

Madhara yake yanajulikana. Mtu aliyekaa wiki mbili bila heroini huwa mwili wake umepoteza uwezo wa kustahimili kipimo alichokizoea. Akitoka kituoni bila dawa ya kumkinga na kurudia kete ile ile ya zamani, pumzi zake zinaweza kusimama sindano ikiwa bado mkononi. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwa kumaliza arosto si kupona uraibu. Arosto ni mlango tu. Anayevushwa mlangoni na kuachwa barazani bila methadoni, bila ushauri na bila kazi, yumo katika hatari kubwa kuliko siku aliyoingia.

Kishawishi cha kutafuta tiba ya bei rahisi kimeongezeka. Huduma nyingi kwa waraibu nchini zilijengwa kwa fedha za wafadhili, hasa Marekani. Serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada ya kigeni Januari 2025, vituo vilivyokuwa vikitoa sindano safi, vipimo vya virusi na ushauri kwa waraibu viliyumba. Katika hali kama hiyo, si vigumu kumwona afisa wa bajeti akiuliza ni kwa nini dawa inunuliwe ilhali mkeka hununuliwa mara moja tu. Jibu ni kwamba waliopata nafuu Bengaluru walikuwa na vyote viwili. Hakuna aliyepewa mkeka pekee.

Kutokana na hayo, njia ya busara kwa Wizara ya Afya, serikali za kaunti za Pwani na mamlaka ya NACADA ni kuanza kidogo na kupima. Kliniki moja au mbili za methadoni zinaweza kutenga chumba na saa moja kila asubuhi, wagonjwa wapya wakapewa nafasi ya kujiunga kwa hiari, na kumbukumbu zikawekwa: wangapi walimaliza wiki mbili za kwanza, wangapi walilala, wangapi walirudi maskani, na wangapi wangali katika matibabu baada ya miezi sita. Wanawake wahesabiwe pia. Matokeo yakiwa mema, mpango upanuliwe. Yakiwa hafifu, hasara itakuwa mikeka michache.

Sambamba na hilo, kanuni za nyumba za marekebisho zinapasa kueleza bila utata kwamba hakuna kituo kitakachoruhusiwa kumhudumia mtu mwenye arosto bila mhudumu wa afya na bila njia ya kumfikisha kwenye dawa. Familia nazo zinafaa kuambiwa ukweli huo kabla ya kulipa ada. Mzazi anayempeleka mwanawe kituoni ana haki ya kuuliza maswali mawili tu: ni dawa gani mtoto wangu atapewa, na nani atamfuatilia akitoka?

Kituo kisichoweza kujibu maswali hayo hakifai, hata kama kina mwalimu wa yoga aliyebobea. Kinachoweza kuyajibu, kisha kikaongeza pumzi, utulivu na mkono wa mtu mpole juu ya dawa, kitakuwa kimempunguzia mgonjwa siku kadhaa za mateso. Mgonjwa mgonjeka, walisema wahenga. Mraibu naye hugonjeka pale anaposaidiwa kuvumilia, na hakuna aliyewahi kuvumilia kwa kunyimwa.